Duara na Nukta

Skauti akiwa porini akikuta alama ya duara yenye nukta katikati, anaelewa: mwenzangu amemaliza, amerudi nyumbani. Alama hiyo ipo kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kule Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 8, 1941.

Nina digrii ya falsafa, kifo nimekisoma sana tu. Ila kuna jirani yangu wa Keko tuligombana, kisa mpira. Kila likizo nasema, "Nitamwendea kesho." Likizo iliyopita nikakuta turubai na viti vya msiba. Skauti anafundishwa kuwa tayari. Mimi frateri sikuwa tayari. Mama yake akanikaribisha chai, nikashindwa kuimeza. Wewe leo unampigia nani?