Ndege wa Gramu 15
Kijitabu kwa wakazi wa visiwani na wanaovusha mizigo kwenda huko

Tumekiandika kijitabu hiki kwa manahodha, mabaharia, wapagazi wa gatini, wenye hoteli za visiwani na wavuvi wanaopiga dago. Habari yake inatoka Shelisheli, lakini mzigo wa mchele unaopakiwa huko hauna tofauti na unaopakiwa Mkoani au Lamu, na panya ni yuleyule.

Ndege mwenyewe

Jaza maji kijiko cha mezani. Uzito wa maji hayo ni gramu 15 hivi, na ndege tunayemzungumzia hapiti hapo sana. Mgongo wake ni wa kahawia inayoelekea kijani, tumbo la manjano iliyofifia, miguu mirefu ya kijivu. Ungempita bila kugeuka. Kinachomtambulisha ni sauti: mluzi usio na madoido, kama wa mtu anayemwita mwenzake aliye upande wa pili wa shamba. Watu wa Shelisheli humwita kwa Kikrioli timerl-dezil. Kwa wataalamu ni Acrocephalus sechellensis.

Kufikia mwaka 1968 ndege hawa hawakufika 30 duniani kote, na wote walikuwa Cousin, kisiwa cha hekta 29 hivi. Moto mmoja wa kuchoma makuti ungeweza kuwamaliza kabla ya magharibi.

Walifikaje hapo? Jibu ni mbata. Misitu ya visiwa vile vidogo ilikatwa ili ipandwe minazi, na timerl-dezil anaishi kwa wadudu, ambao wengi huwaokota upande wa chini wa majani mapana. Kuti halimshibishi. Visiwa vingine vilipata pigo la pili: panya na paka walioshuka na vyombo. Cousin ilikuwa shamba la minazi kama nyingine, ila panya hawakuwahi kufika. Ilikuwa bahati tu; hakuna aliyekuwa akiwazuia.

Kung'oa miche

Mwaka huo wa 1968 Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, ambalo leo linaitwa BirdLife International, lilikinunua kisiwa kizima. Ndege wenyewe hawakuguswa. Hawakufugwa, hawakutiwa kwenye matundu, hawakulishwa. Watu waliingia shambani wakaanza kuondoa minazi na kung'oa miche iliyochipua kutoka kwenye nazi zilizoanguka, msimu baada ya msimu, hadi miti ya asili ikarudi, hasa Pisonia yenye majani mapana na laini. Ni kazi ya panga na jasho, isiyovutia mpiga picha, na kwa maoni yetu ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya uokoaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege walikuwa wamepita 300.

Hapo kisiwa kikajaa. Mtafiti Jan Komdeur, aliyeanza kazi Cousin mwaka 1985, aliwafuatilia ndege hawa mmojammoja kwa pete za rangi zilizovishwa miguuni, na yaliyoonekana yalikuwa ya ajabu. Kijana asiyepata eneo lake hubaki kwa wazazi na kuwasaidia kazi: kujenga kiota, kuatamia, kuwalisha wadogo zake. Wasaidizi hawa wengi ni majike. Kwenye eneo lenye wadudu tele, binti anayebaki nyumbani ni faida; kwenye eneo lenye njaa ni mdomo wa ziada, afadhali apatikane dume, ambaye aghalabu huondoka. Mama hutaga yai moja kwa kawaida, kwa hiyo hana nafasi ya kubahatisha. Komdeur alikuta kwamba kwenye maeneo duni makinda 77 kati ya 100 yalikuwa madume, na kwenye maeneo mazuri madume yalikuwa 13 tu kati ya 100. Ndege wa uzito wa kijiko cha maji anapanga uzazi kwa kupima chakula kilichopo.

Kuwahamisha

Ndege 300 kwenye kisiwa kimoja bado ni ajali inayosubiri siku yake. Mwaka 1988 ndege 29 walinaswa kwa nyavu na kupelekwa Aride. Mwaka 1990 wengine 29 wakapelekwa kisiwa jirani cha Cousine. Denis ilipokea 58 mwaka 2004 na Frégate 59 mwaka 2011, baada ya visiwa hivyo viwili kusafishwa panya. Huko Cousin, nafasi zilizoachwa wazi na waliohamishwa zilijazwa haraka, nyingine ndani ya saa chache: wale wasaidizi waliokuwa wakingoja kwa wazazi wao waliziwahi. Leo visiwa ni vitano na ndege wamepita 3,000.

Njia hiyohiyo imemfaa ndege mwingine wa Shelisheli, mweusi mwenye bato jeupe kwenye kila bawa, aliyekuwa amebaki Frégate peke yake. Naye sasa anaishi visiwa vyote hivyo vitano.

Na huku kwetu

Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kiliondolewa panya mwaka 1997. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine popote, mmoja wao akiwa yule mdogo wa manjano mwenye mviringo mweupe machoni, ambaye vitabu humwita kinengenenge wa Pemba. Huyu hayuko taabani. Utamkuta hata kwenye mikarafuu. Tunamtaja kwa sababu timerl-dezil naye kuna wakati hakuwa habari.

Kabla ya kung'oa nanga

Cousin hairuhusu boti ya mgeni kupanda ufukweni. Wageni huteremkia kwenye boti ya kisiwa chenyewe, ambayo haifungwi gati moja na vyombo vyenye panya. Kama kisiwa mnachokwenda hakina utaratibu huo, uwekeni nyinyi.

Magunia yafunguliwe na kufungwa upya bandarini, si yatupwe tu chomboni. Makuti, mabanzi, majamvi na mahema ya dago ndiyo maficho wanayoyapenda zaidi, yakung'uteni juani. Mabaki ya samaki na wali yasilale kwenye ngama. Kamba za gatini usiku ndiyo daraja lao: pitisheni kila kamba katikati ya bati la duara, pana kama sinia, ili panya akifika hapo akose pa kushika. Na paka wa chomboni asishuke kisiwani hata kwa matembezi.

Mkimwona panya mkiwa tayari njiani, geuzeni chombo, au mmalizeni kabla ya kukaribia ufuko. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kukijaza kisiwa. Msimtupe baharini akiwa hai mkidhani mmemwondoa, maana panya anaogelea mamia ya mita.