Mwanasheria wa halmashauri ni wa nani?

Swali: Halmashauri imetwaa kiwanja changu. Mwanasheria wake analipwa kwa kodi yetu, mbona hanitetei?

Jibu: Mteja wake ni halmashauri yenyewe, si wewe, wala si mkurugenzi. Utasema kodi ni yako. Kweli, lakini kodi hiyohiyo ndiyo hulipa fidia halmashauri ikishindwa kesi, na ndiyo maana kazi nzito ya mwanasheria huyo iko kabla ya mahakama: kukagua mikataba, kuandaa sheria ndogo, kumwambia bosi “hapa hatuna hoja” (wengi huliogopa hili). Ukiamua kushtaki, ujue kwamba nchini Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya 2020, anayeishtaki halmashauri hutanguliza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwenye notisi hiyo, ambatisha nakala za hati na risiti za kiwanja. Mwanasheria makini akiziona, huenda akashauri mmalizane mezani.