Maswali na majibu: Nani ana haki ya kujiita CS?

Mpwa wangu amemaliza mitihani ya KASNEB. Aandike CS mbele ya jina lake?

Hongera zake, mama, lakini asubiri kidogo. KASNEB, iliyoanza 1969, kazi yake ni kutahini. Cheo chenyewe, yaani katibu wa kampuni aliyeidhinishwa (Certified Secretary), kinalindwa na sheria ya makatibu ya Kenya ya 1988: sharti kwanza asajiliwe, na akitaka kutoa huduma kwa wateja awe na cheti cha kufanyia kazi, kinachohuishwa kila mwaka. Siku hizi mawaziri nao huitwa CS (Cabinet Secretary), basi herufi hizo zinachanganya wengi.

Tuko ndugu watatu, tuna kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Katibu wa nini?

Angalieni mtaji uliolipiwa. Sheria ya Kampuni ya 2015 inasema kampuni binafsi ikifikisha shilingi milioni 5 lazima iwe na katibu mwenye cheti. Chini ya hapo si lazima, ila ritani ya mwaka na sajili ya wamiliki halisi hamziepuki.

Hata hivyo, nawasihi msingoje milioni 5. Biashara nyingi za Mji wa Kale zimesimama juu ya neno la mzee. Mzee humwambia kijana wake sebuleni, "robo hii yako," na hakuna anayeandika. Akishafariki, warithi hukabiliana mahakamani, mmoja akidai hisa ambazo hazimo katika daftari lolote. Katibu anayeijua kazi yake huandika kila uamuzi wa kikao, hubadilisha sajili ya hisa siku hiyo hiyo, na humwambia mkurugenzi "hili haliruhusiwi" hata akiwa ndiye anayemlipa.

Na meneja je?

Yeyote aweza kujiita meneja. Kenya Institute of Management ipo tangu 1954, lakini kujiunga ni hiari. Wasimamizi wa wafanyakazi wana sheria yao ya 2012 chini ya taasisi yao, IHRM. Watu wa ununuzi na ugavi wana ya 2007 chini ya taasisi yao, KISM. Kwangu mimi ni sawa cheo cha meneja kibaki huru: kinachostahili ulinzi ni kazi ambayo kosa lake huwaumiza wasiokuwapo mezani.

Nitamjuaje katibu aliye halali?

Kabla hujatia sahihi barua ya kumteua, muombe nambari ya usajili na cheti cha mwaka huu, kisha uulize taasisi ya makatibu kama vinalingana. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine.