Daraja la Saratani Si Hatua Yake

Mgonjwa wa Rwamishenye, Bukoba, aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa uvimbe wa titi, hurudi na karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Ndugu wakiona humo "daraja la 3", msiba huanza kabla ya mgonjwa kukaa. Wanadhani ugonjwa umeshaenea. Majibu hayo hayasemi hivyo.

Kuenea ni habari ya hatua: uvimbe una ukubwa gani, umegusa mitoki ya kwapani, umefika kwenye ini, mapafu au mifupa? Hayo hutafutwa kwa kumpima mgonjwa mwenyewe, kwa ultrasaundi, eksirei na vipimo vingine vya picha. Daraja husomwa kwenye darubini, kwa kutazama seli zimeharibika kiasi gani. Mkulima wa kahawa wa Muleba anaelewa: daraja la buni halikuambii gunia limefika wapi. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 katika hatua ya 1.

Kwa titi, daktari wa patholojia hutazama mambo matatu: kama seli bado zinajipanga kuunda vijifereji, viini vyake vimebadilika umbo kiasi gani, na ngapi zinagawanyika. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 au 7 ni la 2, na 8 au 9 ni la 3.

Tezi dume ina hesabu yake, iliyobuniwa na Donald Gleason wa Marekani katika miaka ya 1960, nayo huwachanganya wazee wetu. Alama yake ni jumla ya namba mbili. Anayeambiwa "6" hudhani ameshavuka nusu, kumbe siku hizi 6 ndiyo alama ya chini. Saba nazo ni mbili: 3+4 ni nafuu kuliko 4+3, kwa sababu namba ya kwanza ni ya seli zilizotawala uvimbe. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, hatua ndiyo inayoongoza zaidi uamuzi wa tiba kuliko daraja.

Majibu ya kuaminika huanzia kwenye kichupa. Kinyama kiwekwe mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi) ya kutosha, kisikaushwe wala kulowekwa kwenye maji, maana seli zikioza daraja halisomeki. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke Mwanza, hakikisha kina jina la mgonjwa, na usikilaze nyumbani.

Mbele ya daktari uliza: ni saratani ya aina gani, daraja la ngapi, hatua ya ngapi? Kwa titi, uliza pia kuhusu vipokezi vya homoni, vinavyoonyesha kama tiba ya homoni inafaa. Tunza karatasi halisi na utoe nakala, kwani hospitali ya saratani ya Ocean Road au nyingine itaihitaji. Na daraja la juu lisiwakatishe tamaa: seli zinazogawanyika haraka ndizo dawa nyingi za kemo hulenga. Muwahisheni mgonjwa kliniki.