Shali ya Mtoto: Uzi Usimfunge Kidole
Asubuhi za Merigi huwa na baridi, na mtoto mchanga aliyebebwa hufaidika na shali nyepesi ya matundu. Ifume kwa rangi mbili: kijani cha majani ya chai na nyeupe ya maua yake. Badilisha rangi mwanzoni mwa mstari tu. Ukibadilisha katikati, nyuzi hubaki zikining'inia upande wa nyuma, na uzi kama huo waweza kujifunga kidoleni na kuzuia damu.

Matundu yawe madogo, yasipitishe kidole cha mtoto. Ncha zishonee ndani, usiweke matamvua. Mtoto akilala, iondoe isije ikamfunika uso.

Akilia mfululizo, kagua vidole vya mikono na miguu. Kikiwa kimevimba, mpeleke hospitalini mara moja.