Dondoo muhimu: Ukienda Sanamu ya Askari, Dar es Salaam

Nenda mapema. Sanamu iko katikati ya mzunguko wa magari, Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Jumapili asubuhi foleni hupungua.

Vuka kwa uangalifu. Magari huzunguka pande zote. Subiri nafasi, shika watoto mkono.

Usiishie kwenye picha. Soma maandishi yaliyo kwenye msingi wa sanamu, yakiwemo ya Kiswahili. Yanawakumbuka askari Waafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918. Angalia pia michoro ya kuchongwa ubavuni.

Ijue historia. Sanamu hii ilizinduliwa mwaka 1927, mahali iliposimama awali sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Singe ya bunduki ya askari huyu imeelekea bandarini.

Heshimu mahali. Usipande msingi, usiache takataka. Usipige picha za polisi wala majengo ya serikali.

Endelea hadi viwanja vya Mnazi Mmoja. Mnara wa Mashujaa hauko mbali. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Panapokuwa na gwaride, fika mapema na usimame wimbo wa taifa unapopigwa.