Njia ya Kujifunza Kuandika Vizuri



Wako wanafunzi wengi wadhanio ya kuwa kuandika vizuri ni kipaji apewacho mtu tangu kuzaliwa, na asiyepewa hawezi kukipata. Mwalimu arudishapo insha, wao hutazama alama, hukunja karatasi, na shauri limekwisha. Mimi nasema kuandika ni kazi ya kujifunza, kama useremala. Seremala hujifunza kwa kutazama kiti kilichotengenezwa vizuri, akaona miguu ilivyoungwa, kisha akajaribu kuunga chake na kukilinganisha na kile cha kwanza. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo kwa ukurasa wa kitabu.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Uganda. Katiba yetu, iliporekebishwa mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini wengi wetu hatukukikuta nyumbani kwa mama, tumekikuta darasani. Kwa hiyo hatuna budi kujifunza kukiandika kwa makusudi na kwa mpango.

MFANO WA KIJANA MMOJA

Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mtu mashuhuri wa Marekani, alizaliwa Boston mwaka 1706, wakati nchi ile ilipokuwa bado koloni la Waingereza. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10, na alipokuwa na miaka 12 akawekwa kujifunza kazi kwa kaka yake mpiga chapa. Kazi ile ilimzoeza herufi na vituo. Lakini baba yake alipozisoma barua alizokuwa akibishana na rafiki yake, alimwonyesha ya kuwa tahajia yake ni njema, ila mpango wa maneno na udhahiri wake vina upungufu.

Kijana hakununa. Alipata buku moja la The Spectator, gazeti lililoanza kutolewa London mwaka 1711, akalifanya mwalimu wake. Alisoma makala, akaandika kidokezo kifupi cha kila wazo, akaiweka kando siku chache. Kisha, bila kutazama kitabu, aliyaandika mawazo yale kwa maneno yake mwenyewe, akalinganisha na asili, akasahihisha. Mara nyingine alivichanganya vidokezo ovyo, na baada ya wiki kadhaa akajaribu kuvipanga upya. Hivyo alijifunza kupanga mawazo. Saa zake zilikuwa usiku baada ya kazi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili.

SISI TUFANYEJE?

Kwanza, chagua aya moja tu, wala si kitabu kizima. Shaaban Robert (1909–1962), aliyepata kuwa karani wa forodha, alituachia Kielezo cha Insha, kitabu cha mwaka 1954 ambacho jina lake lenyewe laonyesha kazi yake. Kama hukipati, chukua aya nzuri ya kitabu chochote mwalimu akisifucho.

Pili, soma aya hiyo mara mbili, mara moja kwa sauti. Andika kidokezo cha kila sentensi kwa maneno mawili au matatu, yasizidi. Ukiandika mengi utakuwa unanakili tu.

Tatu, funga kitabu siku tatu. Usifupishe siku hizo, kwa maana lazima maneno ya mwandishi yakutoke kichwani, yabaki mawazo yake. Hapo ndipo utakapolazimika kutafuta maneno yako.

Nne, andika aya yako, kisha uiweke kando ya asili na kujiuliza: Je, yeye alianza na jambo gani, nami nimeanza na lipi? Je, wapi yeye ametumia neno moja mahali nilipotumia matano? Je, viambishi vyangu vyapatana na majina yake? Mtu aandikaye "kitabu yangu imepotea" hueleweka sokoni, lakini katika insha hupoteza alama, na katika barua ya kuomba kazi huenda akapoteza kazi yenyewe.

Labda mtu atauliza, "Je, huko si kuiba?" Ni wizi ukimpa mwalimu aya hiyo na kusema ni yako. Ikikaa katika daftari lako la mazoezi, ni kujifunza.

DAFTARI LA MAKOSA

Kila kosa unaloliona liandike katika daftari dogo: kushoto kosa, kulia sahihi. Sisi tusemao Luganda tuna kazi ya pekee kwa herufi l na r, kwa sababu katika Luganda ni sauti moja ambayo huandikwa r ikifuata e au i, na l mahali pengine. Kiswahili hakina sheria hiyo. Mahali ni pa kukaa, bali mahari ndiyo hutolewa na mwenye kuoa. Kula ni kwa chakula, kura ni kwa uchaguzi. Vilevile tuangalie h: hapa si apa. Tuangalie na dh: dhana ni wazo, zana ni chombo cha kazi. Sikio halitoshi kutuokoa katika maneno haya. Lazima jicho na mkono vizoee.

USHAIRI NA AKIBA YA MANENO

Franklin aliona pia ya kuwa akiba yake ya maneno ni ndogo, akageuza hadithi kuwa mashairi, na baadaye akayarudisha katika nathari. Kwetu dawa hii ni bora zaidi, kwa kuwa mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, 8 kila kipande. Ukitaka kusema haraka, neno lenye mizani 3, na nafasi iliyobaki ni mizani 2, utatafuta mpaka upate hima. Ikibaki mizani 4 utakumbuka chapuchapu. Bila shairi maneno hayo yangekaa katika kamusi tu. Shairi lenyewe si lazima liwe zuri. Kazi yake ni kukutafutisha.

KUANDIKA KWA AJILI YA WENGINE

Tusidhani kazi hii ni ya mtihani peke yake. Likizoni wazee wasiojua kusoma hutuita tuwaandikie barua na ujumbe, nasi twapenda kuonyesha elimu yetu. Twaandika hivi: "Kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii adhimu kukuarifu ya kwamba hali ya mzee si ya kuridhisha, hivyo unaombwa kufika mapema iwezekanavyo." Msomaji hajui mzee ana nini, wala mapema ni lini. Tazama hii: "Baba ni mgonjwa tangu Jumatatu, na hawezi kusimama. Amesema uje kabla ya Jumapili, uje na cheti cha shamba." Mtoto aliyepata barua ya pili atapanda basi kesho. Yule aliyepata ya kwanza huenda akangoja mwisho wa mwezi, akamkuta mzee amekwisha kuzikwa. Salamu ni adabu, zisiachwe. Lakini zikiisha, habari na ifuate mara moja.

MAZOEZI

1. Kila Jumanne na Ijumaa fanya aya moja kwa njia niliyoieleza. Katika muhula wa wiki 12 utakuwa na aya 24.

2. Chukua insha yako ya zamani, andika vidokezo vyake katika vipande vya karatasi, uvichanganye, umpe mwenzako avipange. Akivipanga kinyume cha ulivyoandika wewe, mwulize sababu.

3. Andika barua ya mistari mitano kwa niaba ya jirani aombaye shule imngoje mwezi mmodi alipe karo iliyobaki. Taja kiasi, siku ya kulipa, na fedha zitakakotoka. Msomee mtu asiyeijua habari hiyo, kisha akueleze alichoelewa. Kama amekosa hata jambo moja kati ya hayo matatu, andika tena.